Gunia la Pembeni

Madamu Mgeni alikuwa na tabia ya kupiga hodi kwenye vyumba visivyo na mtu. Sisemi nyumba za watu, huko kila mwenye adabu anapiga. Nasema stoo ya vifaa vya michezo ya shule yetu, ambayo ufunguo wake alikuwa nao yeye mwenyewe mkononi. Anafika mlangoni, anaita "Hodi," anangoja, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza iwapo maji yamechemka, ndipo anafungua. Mimi ndiye niliyekuwa namfundisha Kiswahili, kwa hiyo nikaona ni wajibu wangu kumsahihisha. Nikamwambia, "Madamu, hodi ni ya wenye nyumba. Humo ndani kuna mipira na mafyekeo." Akanijibu, "Najua." Ijumaa iliyofuata akapiga hodi tena.

Alizaliwa mji gani, wazazi wake walikuwa watu gani, sikuuliza na wala sitabuni. Alitoka nchi yenye baridi kuliko Makete, hilo alilisema mwenyewe kila tulipojikunyata ndani ya masweta asubuhi za mwezi wa saba huku yeye amevaa kandambili. Alikuja kufundisha Fizikia katika sekondari yetu upande wa Kalenga, na ilisemekana ni kwa muda mfupi. Muda mfupi ukazaa muda mrefu. Wakuu wa shule walikuja na kuhamishwa, mikaratusi tuliyoipanda pamoja ikalipita paa la bweni, yeye yupo na jina lake ni Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulimpa. Alilima shamba la shule, alisimamia usafi wa vyoo, alikuwa mwalimu wa zamu hata wiki zisizokuwa zake. Lakini ugeni haukumtoka, au niseme sisi hatukumvua.

Nikimkumbuka leo namkumbuka na gunia. Katika michezo ya Ijumaa alikuwa anamtunzia mtu nafasi, na kuna wakati sisi tulikaribia kumnyang'anya. Hilo ndilo nataka kulieleza, lakini sina budi kuanza na mambo madogo, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mambo madogo.

Darasani alikuwa mpole mpaka wanafunzi wanamchezea. Kiwanjani, akishika filimbi, hata mimi nilijikuta nimesimama wima. Alisema mizimu haipo, kuna hewa tu na hewa ina kanuni zake, kisha unamwona anapiga hodi stoo. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, alikunywa kikombe kimoja kwa heshima, akausifu, halafu anasingizia ana madaftari ya kusahihisha. Makande ya Ijumaa aliyapenda kuliko binadamu yeyote niliyemjua, jambo ambalo watoto wa bweni walilichukua kama ushahidi kwamba akili yake haiko sawasawa. Aliongeza hadi bakuli la pili. Mpishi alimpenda kwa hilo, maana ndiye mtu pekee niliyewahi kumsikia akimsifia mpishi yule.

Maji hakuyapenda. Simaanishi ya kunywa wala ya kuoga, ingawa mabingwa wa kusengenya hawakukosa kusema. Maji ya mto. Darajani alipita katikati ya barabara, macho mbele, hata gari likija nyuma linapiga honi. Tulipokwenda ziara hifadhini Ruaha tulisimama Idodi kula, akashuka, akacheka na watoto, akanunua karanga. Tulipofika ukingoni mwa mto, viboko wanaota jua mbali huko, akaenda kusimama mlangoni mwa basi na kumkataza mtoto yeyote asishuke. Hakufoka. Alishika tu vyuma vya mlango, mkono huku na mkono huku, na dereva akaona busara ni kuwasha gari. Njia nzima watoto walinung'unika, na mimi nilinung'unika pamoja nao.

Sasa nije kwenye Kiswahili chake. Alikuwa mwanafunzi hodari, ila alikuwa anabishana na lugha. Siku za mwanzo mwalimu wa Jiografia, mama mmoja wa Kibena mwenye maswali mengi kuliko mitihani, alimuuliza, "Madamu, umeolewa?" Akajibu, "Hapana." Mwalimu wa Jiografia akashika kifua. Nikamvuta pembeni nikamweleza: kwetu mtu hafungi mlango hivyo. Ukiulizwa umeolewa, una mtoto, umejenga, hata kama umeshakata tamaa, unasema bado. Bado ni adabu. Inaacha mlango wazi Mungu apite.

Neno lile alilipenda mno. Alikwenda kulitafuta kwenye kamusi, kesho yake akanijia na uso wa mtu aliyekuta hesabu haikubali. "Mwalimu, bado yupo, maana yake hajaondoka. Bado hajaja, maana yake hajafika. Neno moja linawezaje kubeba yote mawili?" Nikamwambia ni muktadha, nikajisikia msomi. "Ukisema bado peke yake, kila mtu anaelewa kwamba hujapata." Akauliza, "Kila mtu?" Nikasema kila mtu. Nadhani nilimjibu sawa, nafundisha hivyo hivyo hata leo.

Tangu hapo mwalimu wa Jiografia akimuuliza, "Madamu, una mtoto?" yeye anajibu, "Bado." Mwanamke mwenye mvi kichwa kizima. Stafu wanacheka, yeye anatabasamu. Akina mama wa kanisani wakamwingiza kwenye maombi. Mmoja alimletea mizizi ya kuchemsha, akaipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante. Sisi tulidhani anajua kutaniwa.

Ijumaa mchana ndiyo ilikuwa siku yake. Mtu aliyezijua shule zetu anajua saa ile: makande yameshuka tumboni, vipindi vimekwisha, walimu wametawanyika, na watoto wanasubiri tu mtu wa kuwaambia wafurahi. Yeye ndiye alikuwa mtu huyo. Wasichana wanacheza rede, mpira wa soksi unavuma, aliyekuwa katikati anajikunja, anaruka, anatukanwa na kusifiwa kwa mdomo mmoja. Wavulana wanavuta kamba, kidato cha pili kinaburuzwa kwenye nyasi na kidato cha kwanza, aibu ya mwezi mzima. Kuna mbio za ndimu kwenye kijiko, na kuna yule mjanja anayeibana ndimu kwa dole gumba. Walimu nasi tulikuwa tunaingizwa, na nimewahi kuanguka mbele ya wazazi suruali ikachanika, siongezi neno. Vumbi, vicheko, sweta zimetupwa kwenye goli. Yeye hakukaa kwenye kiti cha walimu. Alisimama mwishoni mwa uwanja na filimbi, akiangalia, na hakuondoka mpaka mtoto wa mwisho kabisa, yule mzito, yule ambaye kiatu kimemtoka, amevuka mstari. Wengine tulimshangilia wa kwanza, yeye alimngojea wa mwisho.

Kwenye mbio za magunia aliyapanga mwenyewe, gunia moja kwa kila mkimbiaji, na moja zaidi pembeni. Hilo la pembeni halikuwa na mtu. Alilikunjua, akalifungua mdomo, akalinyoosha kwenye mstari sawa na mengine. Filimbi inalia, watoto wanarukaruka kama vyura, gunia lile limebaki pale. Ukijaribu kulichukua uongeze mkimbiaji anasema, "Hilo lina mwenyewe." Watoto wakalizoea. Wakaliita gunia la mzimu, kwa utani, na ukijua watoto utajua kwamba utani wao una nusu ya imani.

Hata mimi lilinifanyia jambo. Jioni moja nilikuwa nakusanya vifaa, yeye ameshatangulia. Nikaliokota lile gunia, na chini, pale miguu ya mtu inapokaa, limepakwa rangi ya nyasi mbichi, mbichi kabisa. Nikajiambia kuna mtoto amelichezea Alhamisi. Bila shaka kuna mtoto amelichezea Alhamisi. Lakini nililiweka stoo nikatoka haraka, na nilipokuwa nafunga mlango nilijikuta nimesema samahani.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya mapepo. Asiyefundisha shule za wasichana na wavulana huku kwetu anaweza kudhani nazungumzia hekaya, lakini kila mwalimu ameyaona. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, katikati ya mbio za magunia, alisimama akaliangalia gunia la pembeni, akapiga ukelele, akaanguka. Akaanguka wa pili aliyekuja kumshika. Baada ya hapo walianguka kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Wanalia, wanapiga miguu, wengine wanasema wameona mtoto ndani. Tuliwabeba bwenini mmoja mmoja. Waliamka jioni wakaomba uji, wala hawakukumbuka kitu.

Lakini habari ilikuwa imeshafika Kalenga, ikafika Iringa mjini, na ilivyofika huko ilikuwa imenenepa. Madamu ni frimasoni. Madamu analisha jini kwenye gunia. Mkuu wa shule, mtu mwema mwenye woga wa simu, akaitisha kikao cha wazazi. Tulijua wote kinachoamuliwa: kama gunia litatolewa, na kama Madamu atatoka pamoja nalo. Asubuhi ya kikao nilimwambia, kwa nia njema, "Wape tu hilo gunia, yaishe. Ni gunia." Akasema, "Kwako ni gunia."

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa fundi seremala, mtu wa haki lakini mwenye haraka zake. Alisimama akaweka kofia mezani.

"Madamu, sisi ugomvi na wewe hatuna. Watoto wetu umewafundisha vizuri. Tunauliza tu. Hilo gunia ni la nani?"

"La mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akainua mkono. "Ngoja, ngoja. Madamu, hapa watu wanakujuaga. Una mtoto au hauna?"

"Bado," akasema.

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu wanaoogopa. Mwenyekiti hakucheka. "Sasa unaona mwenyewe. Mtoto bado, halafu gunia lake lipo. Tukuelewe vipi?"

Madamu akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Kiswahili chake kilikuwa kizuri siku zote, lakini siku ile kilikuwa kinatoka kipande kipande. "Mwalimu, nisaidie. Bado ninaye. Na bado hajarudi. Si ni neno moja?"

Nilisimama. Nikasema, "Ni neno moja."

Ndipo akaeleza, na alieleza kwa maneno machache kuliko anayotumia kueleza mwendo wa mpira. Ilikuwa siku ya michezo, katika shule aliyokuwa anafundisha kwao, kando ya ziwa. Watoto walifurahi sana. Walikimbia na magunia, kisha wakaruhusiwa kuingia majini. Yeye ndiye alikuwa na filimbi. Alipuliza, wote wakatoka. Binti yake hakutoka. Walimtafuta siku nyingi, kwa boti na kwa wapiga mbizi. Hakuonekana. "Watu walisema tufanye ibada, tuweke jiwe," akasema. "Jiwe la nini? Chini yake hamna mtu. Nikaja huku. Niliona watoto wanakimbia na magunia, na nikamwona na yeye. Simwoni kama mzimu. Namwona tu."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mwalimu wa Jiografia alikuwa anafuta uso kwa kanga, analia waziwazi kama mtoto, na mimi nilikuwa nalia pia ingawa nilijifanya kutafuta kalamu.

Aliyesema kwanza alikuwa bibi wa yule msichana aliyeanguka mwanzo. Alikuwa amekaa chini, karibu na mlango, miguu ameinyoosha. Hakusimama.

"Kamwene, mwenzangu," akamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene," Madamu akaitika.

"Mimi nimezika wanangu wawili. Nikiendaga shambani napita kwenye makaburi yao, nawaambia habari za mahindi. Wewe unapita wapi?"

"Kwenye gunia."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Basi mwenyekiti, hilo gunia msilitoe. Mjukuu wangu hajaumia, aliona mtoto mwenzie tu." Kisha akamgeukia tena Madamu. "Lakini nikwambie kitu. Mtoto hawezi kucheza siku zote. Watoto nao wanachokaga. Iko siku itabidi umwambie akalale."

"Sitaweza," Madamu akasema.

"Sijasema leo."

Mwenyekiti akavaa kofia yake, akakohoa, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Hakuwapo. Kikao kikahamia kwenye mahindi ya chakula cha watoto, na hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza.

Ijumaa iliyofuata watoto wenyewe walilipanga gunia. Nilimwona yule msichana aliyeanguka akilinyoosha mdomo vizuri, akilivuta likae sawa na mstari. Hakuna aliyeliita la mzimu tena. Wengine walilisalimia.

Baadaye mimi nilipata uhamisho nikarudi kwetu Mbeya, nikajenga Ilomba, nikamchukua mama yangu kutoka Rungwe akae nami maana macho yalikuwa yanamsumbua. Na Madamu tulipigiana simu sikukuu, tukaacha, tukakumbukana, tukaacha tena. Ndivyo watu wanavyopotezana bila kugombana.

Mwaka juzi, mchana mmoja wa manyunyu, bodaboda ilimshusha getini kwangu. Alikuwa amekonda, na mfuko mmoja begani. Mke wangu akampokea, mama yangu akanyoosha mkono kumtafuta hewani na kumshukuru kwa kuja, "Ndaga, mwanangu, karibu." Chai ikaletwa. Hakuinywa.

"Naondoka, Mwalimu," akaniambia. "Kibali kimekwisha, magoti nayo yamekataa. Mwezi ujao narudi kwetu." Akafungua mfuko, akatoa gunia la katani limekunjwa vizuri kama shuka. "Michezo ina mwalimu mpya. Kijana mzuri. Amenunua magunia ya nailoni, haya ya zamani alikuwa anataka kuyachoma. Hajui, si kosa lake. Lakini nikiondoka, huyu ataachwa anacheza peke yake. Kwetu siwezi kurudi naye, kule kuna lile ziwa. Yule bibi alisema iko siku. Bibi mwenyewe ameshafariki. Sijui inafanywaje. Wewe ndiye ulikuwa unanifundisha."

Mimi ni mwalimu wa ngeli na tungo. Mama yangu akaniuliza kwa Kinyakyusa mgeni analia nini, maana alisikia pumzi yake. Nikamweleza yote, tangu ziwa hadi gunia. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Huyo mtoto hajazikwa?"

"Hajazikwa, Mama."

"Basi mnakaa kunywa chai ya nini? Migomba ipo."

Katika ukoo wetu, mtu aliyepotelea majini asionekane huzikiwa mgomba badala ya mwili wake. Nilikuwa naujua utaratibu huo tangu utoto na haukunijia kichwani hata kidogo. Nikamweleza Madamu, taratibu, nikitegemea akatae kama alivyolikataa lile jiwe. Akauliza kitu kimoja tu: kama watu watakuja. Mama yangu akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake kibovu, "Watakuja. Msiba hauna mwaliko."

Asubuhi tukapanda Noah hadi Rungwe, kwenye kiwanja chetu cha urithi. Mjomba wangu, niliyempigia simu usiku ule, alikuwa ameshachimba. Alisimama kati ya migomba na panga mkononi, akamuuliza Madamu kwa upole, "Mama, mtoto alikuwa na kimo gani?" Madamu akaweka kiganja chini kidogo ya bega lake. Hakusita, alijua hasa. Mjomba akachagua mgomba mchanga, akaukata kwa kimo hicho. Madamu akaulaza mwenyewe ndani ya gunia, akaukunjia mdomo wa gunia kama unavyomfunika mtu masikio wakati wa baridi. Mchungaji akasoma. Udongo ukaanza kushuka, na wanawake wa kwetu, ambao hawakumjua mtoto wala mama, wakaangua kilio. Yeye alisimama kwanza kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Kisha akalia. Sijasikia kilio kama kile na nisingependa kukisikia tena.

Baada ya kuzika, mama yangu alimkalisha kwenye mkeka, akamvua viatu, akamnyoosha miguu. Madamu akawaona wasichana wanapita na ndoo za maji, akataka kuinuka awasaidie, kama alivyozoea. Mama akamshika kiuno. "Mfiwa habebi maji. Kaa."

Majirani wakawa wanaingia kutoa pole. Mama mmoja, amechelewa, amelowa manyunyu, akapiga magoti mbele ya mkeka na kumshika mikono. "Pole sana, mama. Nikuite mama nani?"

Madamu akalitaja jina la binti yake. Miaka yote ile, stafu nzima na maswali yetu yote, lilikuwa halijawahi kutamkwa mbele yangu. Sitaliandika hapa, ni lake. Yule mama akalirudia polepole ili asilikosee, akaweka Mama mbele yake, akampa pole. Aliyefuata nyuma naye akasema hivyo hivyo, na wengine baada yake, kila mmoja akilitamka kwa lafudhi ya Kinyakyusa. Yeye akawa anaitika. Aliwaitika wote, hadi sauti ikamkauka, na mama yangu akaagiza aletewe maji ya kunywa.